Wafalme Wamesifiwa vya Kutosha

Ziko sifa zinazomdhalilisha anayesifiwa. Mojawapo ni ile inayorudiwa kila inapotajwa Uajemi ya kale: kwamba Mfalme Koreshi ndiye aliyetoa tangazo la kwanza la haki za binadamu duniani. Mmoja husema, wengine huitikia kwa vichwa, na mjadala hufungwa. Mimi naipinga sifa hiyo. Siipingi kwa kuidharau Uajemi, bali kwa sababu inaufunika utukufu wake wa kweli.

Hebu tukitazame kitu chenyewe. Ni kipande cha udongo chenye umbo la pipa dogo, urefu wake kama sentimita 22. Hormuzd Rassam alikifukua katika magofu ya Babeli mwaka 1879, nacho kimehifadhiwa London. Maandishi yake ni ya lugha ya Babeli, wala si ya Kiajemi. Yanaeleza kuwa mungu Marduk alimchukia mfalme aliyekuwa akitawala, akamteua Koreshi, naye akaingia Babeli, mwaka 539 K.K., pasipo vita, akairudisha miungu mahali pake na watu wake makwao. Maneno mazuri hayo, lakini ni maneno ya mshindi akijinadi mbele ya walioshindwa, kwa mtindo uleule waliouzoea wafalme wa Babeli na Ashuru kabla yake. Humo hamna katazo la utumwa, wala Wayahudi hawatajwi. Tafsiri zinazodai kuwa mambo hayo yamo zimetiwa chumvi.

Ni nani aliyefaidika na chumvi hiyo? Mwaka 1971 Shah wa Iran alisherehekea miaka 2,500 ya ufalme penye magofu ya Persepolis. Kipande hicho kikafanywa nembo, na nakala yake ikapelekwa Umoja wa Mataifa. Mfalme aliye hai alimvisha mfalme aliyekufa joho la haki, ili naye ajisitiri kwa pindo lake. Mwaka 1979 ufalme wake ulianguka.

Sasa, msomaji, nikuonyeshe kilichokuwa kimefukiwa mahali hapohapo. Mwaka 1933 wachimbaji wa Ernst Herzfeld walikuta katika ngome ya Persepolis maelfu ya vibao vya udongo. Ni hesabu za posho za kati ya mwaka 509 na 493 K.K., zama za Mfalme Dario wa Kwanza, nyingi zikiwa katika lugha ya Kielamu. Fulani kapewa shayiri kiasi hiki. Kundi la vibarua, divai kiasi hiki. Wamo Wamisri, Wababeli, Wagiriki, wanaume kwa wanawake na watoto. Wamo wanawake wasimamizi waliopata posho kubwa kuliko wanaume wengi. Mama aliyejifungua aliongezewa posho. Lakini aliyezaa mvulana alipata mara mbili ya aliyezaa msichana. Hakuna aliyeandika hayo ili asifiwe, na ndiyo maana tunaweza kuyaamini. Ukitaka kujua haki ilifika wapi na ikaishia wapi, usiulize hotuba ya mfalme. Uliza daftari la ghala.

Watakuwapo wa kuniambia kuwa uongo mzuri haumdhuru mtu. Unadhuru. Tukizoea kuthamini majigambo ya wafalme peke yake, hesabu za vibarua tutaziona vigae tu vya kupigwa mnada. Nayo karibu yatokee. Vibao hivyo viliazimwa Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1930. Baadaye majeruhi wa mlipuko wa Jerusalem wa mwaka 1997, walioishinda Iran mahakamani, walitaka vikamatwe ili walipwe fidia. Maumivu yao ni ya kweli, wala sithubutu kuyapuuza. Lakini posho ya mzazi wa miaka 2,500 iliyopita si fedha ya serikali yoyote. Februari 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa ombi hilo, na mwaka 2019 fungu kubwa la vibao lilirudi Iran.

Na mashairi je? Hayo nayo ni ya wafalme! Kweli, Ferdowsi alipoimaliza Shahnama mwaka 1010, ikiwa na beti kama 50,000, aliimba habari za wafalme na mashujaa. Lakini kazi hiyo haikujidai kuwa hati ya sheria. Ilihifadhi lugha ya Kiajemi na kumbukumbu ya watu, hata pale kumbukumbu ilipokosea. Waajemi waliyaita magofu ya Persepolis kiti cha Jamshid, mfalme wa hadithi, kwa kuwa Dario aliyejenga alikuwa amesahauliwa. Shairi likatunza fahari, jembe likarudisha majina. Kila kimoja kiachiwe kazi yake.

Nasi wa mwambao tuna la kujifunza. Masimulizi ya Kilwa yanapenda kumtaja mtoto wa sultani wa Shiraz. Lakini Uajemi iliyoingia vinywani mwetu imo katika maneno kama nahodha na bandari, maneno ya watu wa kazi. Kizuri chajiuza. Uajemi haihitaji mfalme aliyepakwa rangi. Inahitaji wasomaji wenye subira ya kusoma orodha ya shayiri.