Bastola ya Kale Inauzwa Bei ya Ghorofa, Lakini Ukiipiga Polishi Umeichoma

Cheki hii. Agosti 2021, jijini Los Angeles, kampuni ya minada ya Bonhams iliuza bastola moja ya Colt kwa zaidi ya dola milioni 6. Ukipiga hesabu ya shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 780 za Kenya. Na si ati ilikuwa na dhahabu ama almasi. Ni chuma mzee tu, imechakaa. Lakini ndio ile sherifu Pat Garrett alitumia kumuua Billy the Kid usiku wa tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, New Mexico.

Najua unajiuliza: mimi na bastola za wazungu wapi na wapi? Tulia. Sikwambii ukanunue, na mbele kidogo nitakuonyesha kwa nini hapa Kenya hiyo ni njia ya haraka ya kwenda ndani. Lakini venye hawa watu hukagua kitu cha kale kabla ya kutoa doh ni somo ambalo ukilishika, hakuna mse wa saa, viatu ama gari atakucheza tena. Na kuna bastola moja kwenye historia yetu sisi wenyewe ambayo inafanya hii story isiwe ya mbali.

Nani ananunua, na kwa nini?

Ukiangalia The Walking Dead tangu ianze 2010, unamkumbuka Rick Grimes na ile bastola yake kubwa. Hiyo ni Colt Python. Ilianza kutengenezwa 1955, ikasimamishwa 2005, na mashabiki wakaanza kuisaka kama viatu vya toleo maalum. Colt wakaona pesa inapita, wakairudisha sokoni 2020. Mwaka uliofuata, Colt yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya silaha kutoka Czech. Wale wa gemu nao wamecheza Red Dead Redemption 2 na wanajua bastola ya cowboy inakaaje: hiyo imefuata Colt Single Action Army, iliyotoka 1873.

Kwa hivyo soko lina watu wa aina mbili: wenye wanajua chuma, na wenye wamependa picha. Wa pili ndio huliwa. Muuzaji mjanja anajua mtu wa picha anataka kitu inang'aa.

Mng'aro ndio mtego

Fikiria gari. Ukienda kununua Probox na upate imepigwa rangi mpya tiii, unafurahi ama unashuku? Mtu wa Nairobi anashuku. Unagonga bodi, unaangalia chini ya milango, unajiuliza iligongwa wapi. Bastola ya kale ni hivyo hivyo, tena mara kumi.

Colt nyingi za kale zilitoka kiwandani na rangi ya buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, na fremu yenye madoa ya rangi rangi yanayotokana na kuchomwa kwa moto na makaa ya mifupa. Baada ya miaka 100, hiyo buluu inafifia na kuwa kijivu ama kahawia. Mtu asiyejua anaona uchafu. Mnunuzi wa ukweli anaona ushahidi. Ukichukua msasa na polishi uitoe, umefuta thamani ambayo hakuna fundi anaweza kurudisha.

Utajuaje imepigwa rangi upya? Angalia hizi:

Kwanza, kona. Kiwandani kona za chuma zilikuwa kali. Polishi huzila zikawa za mviringo, kama sabuni iliyotumika wiki mbili.

Pili, maandishi. Jina la kampuni na tarehe za hataza zilizogongwa kwenye mtutu zinafaa kusomeka vizuri. Ukiona herufi zimefifia upande mmoja lakini rangi yake ni mpya, kuna mtu amepitisha mashine hapo.

Tatu, matundu ya skrubu. Polishi huvuta ukingo wa tundu, linakuwa na kibonde kama kisosi. Na ukiona vichwa vya skrubu vimekwaruzwa, jua imefunguliwa na mtu ambaye hakuwa na bisibisi ya saizi yake.

Nne, vishimo vya kutu. Vikiwa na rangi ndani yake, maana yake ni kwamba kutu ilikuja kwanza, rangi ikafuata. Hiyo rangi si ya kiwanda.

Tano, mpini. Mbao na chuma zilisuguliwa pamoja kiwandani, kwa hivyo zinakutana bila ngazi. Kidole kikihisi mbao iko chini ya chuma, basi imepigwa msasa. Ikiwa imezidi chuma, pengine ni ya bastola nyingine.

Hapa ndio wageni huchanganyikiwa. Chama cha wenye bunduki Marekani, NRA, kina viwango vya hali ya silaha za kale. Ili iitwe nzuri kabisa, inafaa iwe na vipande vyote vya mwanzo na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwanda. Lakini bastola inaweza kubaki na asilimia sifuri ya rangi na bado ipewe daraja la "nzuri sana", bora vipande vyote ni vya mwanzo. Yaani rangi ikiisha yenyewe, uzee umesamehewa. Udanganyifu hausamehewi.

Nambari hazidanganyi, lakini lazima ujue kuzisoma

Single Action Army ina nambari iliyogongwa chini ya fremu, kwenye kinga ya triga, na kwenye chuma ya nyuma ya mpini. Zote tatu zinafaa kufanana. Pia utengenezaji wake ulisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukarudi 1956, na zile za awamu ya pili zikawekewa herufi SA baada ya nambari. Kwa hivyo mse akikuambia hii ilikuwa ya cowboy na nambari inaisha na SA, mwambie cowboy huyo alikuwa anaenda Wild West na ndege.

Sasa sikiza kigeuko. Kuna Single Action Army za jeshi ambazo nambari zake hazifanani na bado ni orijino. Miaka ya 1890 jeshi la Marekani lilizirudisha nyingi, mitutu ikakatwa kutoka inchi 7.5 hadi 5.5, na wakati wa kuziunga tena vipande vikachanganywa. Watu huziita Artillery. Ukipata moja ambayo nambari zote zinafanana, ni nadra, lakini pia ndio wakati wa kuuliza kama kuna mtu amezigonga mwenyewe.

Uingereza nako kuna mitego yake. Webley Mark VI, iliyoingia jeshini 1915, ilitumia risasi za .455. Nyingi zilipofika Marekani, risasi hizo zilikuwa ngumu kupata, kwa hivyo wauzaji wakakata sehemu ya nyuma ya silinda ili zitumie risasi za .45 za kawaida. Kwa macho huoni shida. Kwa mkusanyaji, hiyo ni injini imebadilishwa. Lakini Enfield No. 2 yenye nyundo isiyo na kidole cha kuvutia haijavunjika. Kuanzia 1938 jeshi lilitaka ziwe hivyo. Kitu kinaweza kukaa kibovu na kiwe sawa, kingine kikae sawa na kiwe kimeharibiwa. Hii ndio sababu mtu husoma vitabu kabla ya kufungua wallet.

Na feki ziko wapi? Kila mahali penye pesa. Colt Walker ya 1847 zilitengenezwa kama 1,100 pekee, na moja iliuzwa 2018 kwa dola milioni 1.84. Kwa miaka mingi viwanda vya Italia vimekuwa vikitengeneza kopi halali za bastola hizi, zikiwa na mihuri ya ukaguzi ya Italia. Mkora anachukua kopi, anasugua mihuri, anaizeesha kwa kemikali, anatunga story. Mahali pamesuguliwa bila sababu ni mahali pa kuuliza swali.

Karatasi dhidi ya story za jaba

Ile bastola ya Garrett haikufika milioni 6 juu ya hali yake. Ilifika juu ya karatasi. Baada ya Garrett kufa, bastola ilibaki mikononi mwa watu wengine na mjane wake, Apolinaria, akaenda kortini kuidai hadi akairudisha. Kesi huacha rekodi. Kutoka mkono hadi mkono, kila hatua iko na ushahidi.

Linganisha na ile ya Van Gogh. Mkulima aliiokota shambani Auvers-sur-Oise, Ufaransa, karibu 1960, imeliwa na kutu. Ni Lefaucheux ya milimita 7. Mahali inaingiana, risasi inaingiana, kiwango cha kutu kinaingiana. Lakini hakuna karatasi inayosema kwa uhakika hii ndio ile. Iliuzwa Paris, Juni 2019, kwa euro 162,500. Ni pesa mob, lakini jina la Van Gogh ni kubwa kuliko la Pat Garrett mara ngapi? Sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni bei ya "labda".

Kwa Colt kuna njia ya kupunguza "labda". Unalipia barua kutoka kwa kumbukumbu za kampuni, nao wanakuambia nambari hiyo ilisafirishwa lini, ikiwa na rangi gani, mtutu wa inchi ngapi, na ilienda kwa nani. Barua ikisema iliondoka ikiwa ya buluu na wewe umeshika ya nikeli, mazungumzo yamekwisha. Lakini barua haisemi nani aliibeba baadaye. "Ilikuwa ya babu yangu, na babu alikuwa sherifu" bila karatasi ni story za jaba. Unanunua bastola, hununui babu.

Jambo moja linalotugusa moja kwa moja: mipini ya pembe za ndovu. Colt za kifahari zilikuwa nazo. Mji wa Colt ni Hartford, jimbo la Connecticut, na katika jimbo hilo hilo miji ya Ivoryton na Deep River ilikuwa inachonga vibao vya piano kutoka kwa pembe zilizopitia Zanzibar. Ndovu wetu walikufa kwa hiyo biashara. Mwaka wa 2016, Kenya ilichoma tani 105 za pembe, na Marekani ikakaza sana sheria za kuziuza. Kwa hivyo mpini wa pembe unaweza kuongeza bei na pia kufanya kitu kisivuke mpaka.

Na hapa kwetu?

Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Nyeri. Kosa lililompeleka kwenye kitanzi pale Kamiti, Februari 18, 1957, halikuwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya .38 na risasi zake. Rekodi za kesi hiyo zilidhaniwa zimepotea kwa miaka mingi, hadi zikachapishwa kama kitabu 2017.

Sasa tuseme kesho mtu akuje mtandaoni aseme ako na "bastola ya Kimathi". Unajua cha kuuliza. Rekodi ya kesi inataja bastola ya aina gani? Nambari yake iko wapi? Ilikaa kwa nani kutoka 1956 hadi leo, mtu kwa mtu? Asipojibu, anauza jina la shujaa kwa bei ya chuma ya skrepu. Hapo si pesa yako tu iko hatarini, ni historia yetu.

Na hata akijibu, usiguse. Marekani, silaha iliyotengenezwa 1898 ama kabla inaepuka sheria nyingi za shirikisho. Kenya usitegemee hiyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na Bodi ya Leseni ndio inatoa. Kuambia karao kwamba ni antiki haitakusaidia. Ukipata moja kwenye sanduku la guka aliyekuwa askari wa mkoloni, usiibebe kwa bag, usiipost, usiisafishe. Iache hapo, tafuta wakili, mripoti kituoni.

Hayo maswali mengine yabebe kila mahali. Ukienda kuangalia saa ya kale, Jordan za kwanza ama Datsun ya mzee wa mtaa, anza na kona, enda kwa nambari, malizia na karatasi. Muuzaji akianza story kabla hujauliza swali, rudisha pesa mfukoni kwanza.