Nguo za watoto za vitone: uliza leseni kabla ya bei

Nguo za watoto zenye michoro ya vitone ya jangwa la Australia zina soko. Rangi zake humvutia mzazi, na vazi dogo ni zawadi nyepesi mfukoni mwa mtalii. Lakini mfanyabiashara asianze na bei ya dazeni.

Michoro hiyo ina wenyewe. Wasanii wa Papunya waliunda kampuni yao, Papunya Tula, mwaka 1972. Hadithi inayochorwa ni mali ya ukoo, na si kila mtu ana ruhusa ya kuichora.

Mwaka 1994 kampuni moja ya Perth ilifikishwa mahakamani kwa kuagiza mazulia kutoka Vietnam yaliyonakili kazi za Waaborijini bila idhini. Fidia ilizidi dola 188,000 za Australia. Mwaka 2019 Birubi Art, iliyokuwa imekwisha kufilisika, ilitozwa faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bidhaa za Indonesia kana kwamba ni kazi ya Waaborijini.

Wapo watakaosema vitone vitupu havina hakimiliki. Ni kweli, na ndiyo maana bandia ni nyingi na bei yake haina mwisho wa kushuka. Anayeuza halali ana kitu ambacho jirani hawezi kukishushia bei: jina la msanii kwenye lebo, na mrabaha uliolipwa.

Ushauri wetu: hesabu leseni pamoja na ushuru na usafiri. Shehena isiyo na karatasi hiyo, iache bandarini.