Tusinunue Kasha kwa Umbo Lake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini katika biashara ya tarakilishi yaweza kumponza mnunuzi. Kasha jembamba linalong'aa huwavutia wengi, nao husahau kuuliza swali lililo muhimu zaidi: je, kilichomo ndani kikiharibika au kupitwa na wakati, chaweza kubadilishwa?

Swali hili lawahusu mno walimu wanaozishauri bodi za shule kuhusu ununuzi, pamoja na wanafunzi wanaodunduiza fedha za kununulia mashine yao ya kwanza.

Tuchukue mfano wa makasha ya nje, ambayo hutiwa kadi ya michoro na kuunganishwa na kipakatalishi kwa kebo. Mwaka wa 2016 kampuni ya Razer ilianza kuuza kasha lake la Core kwa dola 499 za Marekani. Hiyo ilikuwa bei ya kasha bila kadi. Kadi yenyewe ilinunuliwa kando. Mwaka wa 2018 kampuni iyo hiyo ilitoa Core X kwa dola 299. Kasha hili lilikuwa kubwa zaidi na lilipokea kadi nene zaidi, ingawa lilikosa baadhi ya matundu ya ziada ya kebo. Ni dhahiri basi kwamba udogo na madoido hulipiwa.

Mwaka uo huo, kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, ikishirikiana na Apple, ilitoa kasha la dola 699 ambalo kadi yake ilifungiwa ndani, isiweze kubadilishwa. Lilikuwa kasha la kupendeza. Hata hivyo, mwishoni mwa 2020 Apple ilianza kuuza tarakilishi zenye prosesa yake yenyewe, zisizokubali kadi za michoro za nje. Aliyehamia mashine hizo akiwa na kasha linalofunguka aliweza kuitoa kadi yake na kuitia katika tarakilishi nyingine. Mwenye kasha lililofungwa alibaki na pambo la mezani.

Kinyume chake ni kasha la kawaida la mezani. Mwaka wa 1995 Intel ilitangaza kipimo cha ATX, ambacho bodi yake kuu ina milimita 305 kwa 244, na mahali pa skrubu pamewekwa bayana. Kwa sababu hiyo, kasha la miaka mingi laweza kupokea bodi ya leo. Hata mwenye nafasi finyu hakusahauliwa: Mini-ITX, kipimo cha milimita 170 kwa 170 kilichotolewa na VIA mwaka wa 2001, hutumia skrubu zinazolingana na za ATX.

Hatusemi kwamba urembo ni haramu. Twasema kwamba shule yenye fedha haba haina budi kuuliza kwanza kama kasha lafuata kipimo kinachojulikana, kama hewa yapita vyema, na kama vumbi laweza kufutwa bila kumwita fundi. Isitoshe, mwalimu anapolifungua kasha mbele ya darasa, wanafunzi hupata somo ambalo mashine iliyofungwa haiwezi kuwapa. Bodi za shule na ziyazingatie hayo kabla ya kutia sahihi hundi.