Taa Mbovu za Karakana



Mwezi huu hatuandiki habari ya mishahara. Tunaandika habari ya taa. Huenda wengine watauliza, je, chama kimekosa la kusema? Tunawaomba wasome mpaka mwisho. Mtu aliyekatwa vidole, hiyo nyongeza ya mshahara ataihesabu kwa mkono gani?

Karakana nyingi za nchi yetu, za reli na za watu binafsi, bado zinamulikwa na zile taa ndefu za tyubu za futi nne. Ni hivyo hivyo katika viwanda vya mbao na vinu vya unga vya huku kwetu Dundori, ambako vijana wetu hupata kibarua. Taa hizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na kwa miaka mingi zimetusaidia. Zilikula stima kidogo kuliko balbu ya waya, na mwanga wake ulienea vizuri. Hatuzitukani. Lakini nyingi zimezeeka, na tyubu iliyozeeka haifi mara moja. Inawaka na kuzima, inanguruma, au inawaka ncha tu, na watu wanaendelea na kazi chini yake mwezi baada ya mwezi.

Sasa sikilizeni hatari yake. Stima yetu hubadilika mwendo mara 50 kwa sekunde, na kwa hiyo taa ya tyubu yenye choki ya zamani hufifia na kung'aa mara 100 kwa kila sekunde, hata ikiwa nzima. Jicho halioni. Lakini mashine inayozunguka inaweza kupatana na mwendo huo. Fikirini mashine ya kukereza chuma ambayo kichwa chake kina meno manne, nayo inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Kila taa inapong'aa, kichwa kimekwenda robo ya mzunguko tu, na jino moja limekaa mahali pa jino la mbele yake. Basi mtu akitazama ataona kana kwamba kimesimama. Mota ikipungua kidogo, ikazunguka mara 1,450, kichwa kitaonekana kinarudi nyuma polepole. Mtu amechoka, ni saa tisa ya usiku, karakana ina kelele. Ananyosha mkono kwenye chuma anachodhani kimelala.

Mafundi wa zamani waliijua habari hii. Mahali penye fezi tatu waliunganisha taa zinazofuatana kila moja na fezi yake, ili moja ikififia nyingine iwe inang'aa. Mahali penye fezi moja waliweka balbu ya waya karibu na mashine, kwa sababu waya wa balbu hukaa na moto na haufifii sana. Baadaye zikatoka choki za elektroniki, ambazo hupepesa mara zaidi ya 20,000 kwa sekunde, na hatari hiyo ikaondoka. Dawa iko, basi. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimisha itumiwe.

Mwanachama anaweza kupima mwenyewe bila kugusa waya wowote. Shika fimbo nyembamba nyeupe chini ya taa, mbali na mashine, uitikise haraka. Ukiona mwanga mmoja ulioenea, taa ni njema. Ukiona fimbo nyingi zimetengana kama meno ya kitana, taa hiyo inapepesa. Mwenye simu aielekeze kamera yake kwenye taa. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, habari ni ile ile.

Tena jifunzeni kutambua ugonjwa wa taa, ili mnapoandika katika kitabu cha malalamiko msiandike tu "taa mbovu". Ncha za tyubu zikiwa nyeusi, tyubu imezeeka. Tyubu ikiwaka ncha mbili tu na katikati ni giza, mara nyingi stata imeshikana. Ikijaribu kuwaka na kuzima bila kutulia, ni stata au tyubu. Ikinguruma na kunuka kama kitu kinachoungua, ni choki, na taa hiyo izimwe siku ile ile. Dundori ni mahali pa juu, na asubuhi za mwezi wa Julai ni za baridi kali. Taa hizi hazipendi baridi. Mwanga hupungua na huchelewa kuwaka, na kama stima ni hafifu kwa kuwa nyumba iko mwisho wa laini, huwa ni mateso. Kwa hiyo mwenye kinu asimlaumu fundi kila siku. Huenda hali ya hewa na nguvu ya stima ndizo zinazomshinda.

Lakini kutambua ugonjwa si ruhusa ya kuutibu. Tunajua karakana moja, jina tunaliacha, ambapo msimamizi alimwambia kibarua apande juu ya pipa abadilishe choki na stima haijakatwa. Kijana alipigwa, akaanguka, akavunjika mkono. Aliporudi kazini aliambiwa ni uzembe wake. Sisi tunasema si uzembe wake. Kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kuunganisha umeme ni ya mtu mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na EPRA. Swichi kuu izimwe, ifungwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Anayekuagiza vinginevyo, mwulize kwa heshima akuandikie agizo hilo na kutia sahihi. Mara nyingi kalamu yake itakauka.

Je, tutengeneze tyubu hizi au tuziondoe kabisa? Chama kinasema ziondolewe, na sababu si moja. Ndani ya kila tyubu mna zebaki kidogo, miligramu chache, na zebaki ni sumu. Dunia ina mkataba wa kupunguza sumu hiyo, uliokubaliwa mwaka 2013 na kupewa jina la Minamata. Huo ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka 1956. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 nchi zilikubaliana kwamba kutengeneza tyubu hizi, kuziuza nje na kuziingiza nchini kukome ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Basi tajiri anayejaza stoo tyubu za akiba ananunua kitu cha jana.

Sababu ya pili ni hesabu, nayo matajiri huisikia upesi kuliko kilio chetu. Tyubu ya futi nne hula wati 36, na choki yake ya zamani hula kama 9. Jumla 45. Taa ya LED ya urefu huo hula kama wati 18. Karakana yenye taa 40 zinazowaka saa 10 itaokoa karibu yuniti 11 kila siku, na kwa siku 26 za kazi karibu yuniti 280. Akituambia hana fedha, tumpe karatasi ya hesabu hii.

Lakini kubadilisha nako kuna hatari zake. Baadhi ya tyubu za LED huwekwa pamoja na choki ya zamani, zikipewa stata yake maalum. Nyingine hutaka choki iondolewe na nyaya ziungwe upya. Zikichanganywa, kuna moto. Kila taa iliyoungwa upya ibandikwe karatasi isemayo hivyo, kwa maana fundi wa mwaka kesho hatajua, atatia tyubu ya zamani mahali pasipo choki. Tena LED za rahisi sana hupepesa kama zile za zamani. Kabla ya kupokea sanduku zima, jaribuni moja kwa fimbo.

Tyubu ikivunjika, msifagie kwa ufagio, maana vumbi lake litaruka. Watu watoke, madirisha yafunguliwe, msubiri kama robo saa. Kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu na mikono yenye glavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji, mtie vyote katika chombo chenye kifuniko. Nzee zisizovunjika zisitupwe shimoni wala kupewa watoto wachezee. Ziwekwe mahali pamoja, mwenye kazi azipeleke kwa wanaozishughulikia.

Mwisho, haki yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mwanga wa kutosha na ufaao. Penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ana wajibu wa kumwarifu msimamizi, wala halazimishwi kurudi mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Kwa hiyo tunaagiza mambo matatu katika kila karakana yenye wanachama wetu:

1. Wajumbe wa kamati wahesabu taa zote kabla ya mwisho wa mwezi, waandike nzima ngapi, mbovu ngapi, na zipi ziko juu ya mashine zinazozunguka.

2. Taa zilizo juu ya mashine zitengenezwe au zibadilishwe kwanza, kabla ya zile za ofisi.

3. Barua iandikwe kwa mwajiri, nakala ije kwa katibu wa tawi, ikiwa na tarehe. Neno la mdomo husahauliwa, barua haisahauliki.

Na sisi pia tuwe safi. Anayechomoa stata ya kazini akaitie nyumbani kwake anamtia mwenzake gizani, naye chama hakitamtetea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu, kesho ukiingia kazini inua macho, uhesabu, uandike.