Mabehewa mawili tu, Muheza hadi Tanga

Mhariri,

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi mwaka 2019 tulishangilia, kumbe inapitia Ruvu na Korogwe. Tanga mjini haifiki.

Mimi nauza machungwa ya Muheza, na bila treni nayapeleka kwa lori. Juzi nashusha matenga sokoni Tanga, ya chini yote yamepondeka, maji yanachuruzika kwenye ubao wa lori. Dereva hata hakugeuka.

Wahusika waimarishe tuta na mataruma ya reli, watupe behewa la abiria na la mizigo asubuhi na jioni. Sidai treni ya umeme. Hata ikijikongoja, machungwa yatafika mazima.

Mchuuzi,
Muheza