Wauza memori kadi watueleze ukweli



Nina dukuduku langu kuhusu memori kadi za kamera.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Shule yetu ina kamera moja ya dijitali, nami ndiye niliyekabidhiwa. Kabla ya mahafali ya darasa la saba wazazi walichanga fedha za kununulia kadi, nikatumwa mjini. Muuzaji alinipa kadi iliyoandikwa 80 kwa tarakimu kubwa, akasema hiyo ndiyo yenye mbio. Siku ya mahafali ngonjera ya watoto ilichukua dakika 8, lakini kila baada ya sekunde chache kamera ilijizima kurekodi, ikionyesha kwamba kadi ni ya polepole. Wazazi waliambulia vipande vipande, na wengine wakanong'ona kwamba mwalimu amekula fedha akanunua kadi ya bei rahisi.

Baadaye nilichunguza nikaelewa. Ile namba kubwa kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani kutoa picha kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kamera inaporekodi inahitaji kasi ya kuandika isiyoshuka, na hiyo huonyeshwa kwa alama ndogo. Namba 10 ndani ya herufi C ni ahadi ya kuandika megabaiti zisizopungua 10 kwa sekunde. Herufi U yenye 1 ndani yake ni 10 vile vile, yenye 3 ni 30, na V30 ni 30. Kadi yangu haikuwa na alama hata moja kati ya hizo!

Wala si lazima mtu anunue ya ghali kupita zote. Video ya megabiti 24 kwa sekunde ni megabaiti 3 tu, kwa kuwa megabaiti moja ni megabiti 8; kadi ya C10 inatosha na kubaki. Video ya 4K ya megabiti 100 ni megabaiti 12.5, hapo C10 haitoshi, itafutwe V30. Kwa picha za kawaida, moja moja, C10 haina taabu. Tena kamera nyingi za zamani hazipokei kadi inayozidi gigabaiti 32, hivyo kitabu cha kamera kisomwe kwanza.

Ziko pia kadi za bandia, zinazoandikwa gigabaiti 64 kumbe ndani ni 8. Zikijaa, picha huharibika kimya kimya. Ndugu wananchi, tuijaribu kadi kwa kuijaza yote na kuifungua tena kabla ya siku ya shughuli, na tudai risiti.

Kwa wauzaji nasema: mwelezeni mnunuzi kasi ya kuandika, msimtajie namba kubwa tu. Na Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia, isiishie mijini. Ifike na kwenye maduka ya wilayani. Fedha ya mchango wa wakulima ni jasho, na ngonjera ya darasa la saba hairudiwi.

Mwalimu wa Kijijini,
Singida.