TAHARIRI: Tuzo kwa Watoto wa Madrasa: Tulipe Hatua, Tusilipe Cheo



Ndugu zetu Waislamu, katika misikiti ya Mpanda mjini, na hata huko Mishamo, Karema na Inyonga, yanaulizwa maswali mawili yaliyo ndugu. La kwanza: je, inafaa mtoto apewe fedha kila anapohifadhi juzuu? La pili: je, inafaa aachiwe simu yenye programu ya mchezo, inayomhesabia nyota na kumpandisha daraja kila anapojibu sawasawa? Wapo wanaokataa kabisa, wakisema elimu ya dini haiuzwi. Wapo wanaokubali bila ya sharti lolote, wakisema zama zimebadilika. Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya haki.

Tuanze na sheria. Al-Khatib al-Baghdadi amepokea kwamba Ibrahim bin Adham, mcha Mungu mashuhuri wa karne ya 2 Hijria, aliahidiwa na baba yake dirham moja kwa kila hadithi atakayoisikia na kuihifadhi, naye akaanza kuitafuta elimu hiyo kwa ahadi hiyo. Imam al-Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, ameusia kwamba mtoto anapoonyesha mwenendo mwema akirimiwe kwa kitu cha kumfurahisha, na kwamba baada ya masomo aruhusiwe mchezo mzuri ili moyo wake usife kwa kuchoshwa. Basi zawadi na mchezo si mambo yaliyozuka pamoja na simu.

Ama mashindano ya elimu yenye tuzo, Mahanafi wameyaruhusu, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim nao wameyajuzisha, kwa kuyapima na mashindano ya farasi, ngamia na mishale yaliyoruhusiwa katika hadithi. Lakini hapa pana mpaka. Tuzo itoke kwa asiyeshindana: msikiti, mfadhili au mzazi. Watoto wakichangishwa shilingi 500 kila mmoja, kisha mshindi akazizoa zote, wanazuoni walio wengi wanaiita hiyo kamari. Vivyo hivyo, programu inayomzungushia mtoto gurudumu la bahati ili apate nyota inamzoesha jambo lile lile linalowaangamiza vijana wetu katika vibanda vya kubeti. Nyota iwe malipo ya juhudi, isiwe malipo ya bahati.

Swali linalofuata ni la manufaa: je, mambo haya yanafundisha kweli? Hapa nchini kwetu yamejaribiwa. Katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa kompyuta bapa zenye masomo ya Kiswahili na hesabu yaliyopangwa kama michezo, wakazitumia kwa miezi 15. Lilikuwa shindano la kimataifa la XPRIZE, na mwaka 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Waandaaji walieleza kwamba mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na kwamba mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Tusiidharau kheri hiyo, kwani wengi wa watoto wale hawakuwahi kukanyaga shule. Lakini tuisome hesabu yote: baada ya miezi 15 ya mchezo mzuri uliotengenezwa na mabingwa, karibu nusu yao walikuwa bado hawawezi kusoma neno.

Fedha nazo zimejaribiwa. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya Twaweza iliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi ili zinunue vitabu na vifaa. Nyingine ziliahidiwa kwamba mwalimu atapata shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu somo lake. Nyingine zilipewa yote mawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuinua ufaulu, na ahadi kwa mwalimu peke yake ilileta matokeo yasiyo thabiti. Bali palipokutana vifaa na motisha, watoto walisonga mbele waziwazi.

Huko Marekani, mtafiti Roland Fryer alijaribu kuwalipa wanafunzi wenyewe, kuanzia mwaka 2007. Katika mji wa New York walilipwa kwa alama za mitihani, na Chicago kwa alama za masomo ya darasani, na hapakuonekana faida katika matokeo ya mitihani. Katika mji wa Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma na kujibu maswali yake, na ufahamu wao wa kusoma ukaongezeka. Mtoto anajua namna ya kusoma kitabu. Namna ya kupata alama ya juu huenda haijui, hata akiahidiwa dhahabu.

Kutokana na hayo, tunazishauri kamati za misikiti na madrasa za mkoa wetu mambo manne.

Kwanza, kabla ya kutenga fedha za tuzo, tuulizane: je, kila mtoto ana msahafu au juzuu yake? Je, mwalimu anapata posho ya kumwezesha kufika darasani siku zote? Kutoa tuzo mahali pasipo na mwalimu wala kitabu ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Pili, tuilipe hatua, tusilipe cheo. Tumtuze aliyehudhuria mwezi mzima, aliyerudia ukurasa wake mpaka ukanyooka, aliyemsaidia mwenzake aliye nyuma. Tuzo ya mshindi mmoja humfurahisha yule aliyekuwa akisoma tangu hapo, na aliye nyuma hubaki mtazamaji.

Tatu, tuzo iwe ndogo, na ipungue kadiri mtoto anavyokua: daftari, kanzu, sifa mbele ya jamaa baada ya Swala ya Ijumaa. Sisi tunaishi baina ya mashamba ya tumbaku na machimbo ya dhahabu. Mtoto akizoeshwa kwamba kila sura ina bei, siku machimbo yatakapompa zaidi ya msikiti atakwenda huko, wala hatutakuwa na hoja ya kumrudisha.

Nne, simu iwe mikononi mwa mwalimu au mzazi, kwa muda maalumu, kwa kurudia yaliyokwisha kufundishwa. Matamshi ya herufi na adabu za mbele ya Kitabu hupokewa kwa mwalimu, mdomo kwa sikio. Simu haimwoni mtoto aliyekuja na njaa.

Ndugu zetu, hadithi ya niya tunaifahamu sote, na khofu ya wanaopinga tuzo ni khofu ya haki. Lakini mtoto hazaliwi na niya iliyokomaa. Hulelewa mpaka akaipata. Ibrahim bin Adham alianza kwa dirham, na leo anatajwa kwa kuipa dunia mgongo. Dirham ilimfikisha mlangoni tu. Kazi ya mzazi na mwalimu ni kumwonyesha mtoto kilichomo ndani, ili siku tuzo itakapokoma awe tayari ameshaionja ladha ya elimu na asitake kutoka.

Basi mfuko wa tuzo na ufunguliwe, lakini uanze kwa msahafu na kwa mwalimu. Wabillahi tawfiq.